Sanduku la Vifaa vya Bwana Kariuki

Kwa miaka mingi nyuma ya kaunta niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba vifaa vya fundi hushika kutu usiku ule ule mwenyewe anapokata roho. Sisemi kutu ya kuja polepole kama mvi. Nasema ya ghafla: jioni spana inang'aa, asubuhi imekuwa nyekundu kama barabara ya Dagoretti wakati wa kiangazi, na majirani hawajapata hata kupashana habari. Chuma, tuliambiana pale dukani, kinamjua mwenyewe.

Habari hiyo niliipata wiki yangu ya kwanza kazini, nikaimeza nzima. Kisha, kwa kuwa si kawaida yangu kupokea hadithi na kuirudisha kama ilivyo, nikaiongezea. Niliwasimulia wateja juu ya fundi bomba mmoja wa Upper Hill ambaye spana yake kubwa iliuma bomba siku aliyokufa, ikakataa kuachia mpaka jeneza liliposhushwa, ingawa wanaume sita walikuwa wakiivuta. Wanaume hao walianza wakiwa wawili. Niliwaongeza kila nilipoona mteja hajashangaa vya kutosha.

Nyinyi vijana mnaosimama sasa pale niliposimama mimi mmeniomba niwaandikie jinsi ya kumchagulia mtu sanduku la vifaa la gereji ya nyumbani, lililo imara na lisilomfilisi. Nitaandika. Lakini siwezi kuliandika hilo bila kuandika juu ya Bwana Kariuki wa Loresho na mkewe, kwa sababu yote niliyofundishwa juu ya masanduku yalikwenda kutiwa mtihani katika gereji yao, na mwishoni mimi niliyetoka pale sikuwa na kicheko changu cha kawaida.

Nilianza kazi muda mfupi baada ya uhuru. Kabla ya hapo nilikuwa mtunza bustani Kilimani, kwa Mzungu mmoja mwenye nyasi ambazo ng'ombe wote wa Machakos wasingezimaliza. Alipouza nyumba akarudi kwao, nilibaki na toroli, barua ya sifa, na cheti cha shule ya usiku. Cheti hicho nilikipata nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na mkubwa wao ndiye aliyekuwa akinisahihishia hesabu, bila huruma. Duka la vyuma lililoniajiri lilikuwa katikati ya mji, nyuma ya soko kuu, si mbali na msikiti. Mbele tuliuza misumari, rangi na kufuli. Nyuma, penye giza, yalikaa masanduku ya vifaa, kimya, yamepangwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri daktari.

Siku ya kwanza mteja aliniomba bisibisi ya nyota nikampa patasi, tena nikamsifia. Aliipokea, akanishukuru, akaondoka. Nadhani ni kile Kiswahili changu cha darasani kilichomtisha asiulize. Aliyemkimbilia barabarani kumrudisha alikuwa mkuu wa kaunta, Mzee Shee, mtu wa Lamu, mfupi, kofia nyeupe, miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amekaa Nairobi tangu ujana wake, na bado kila asubuhi alilalamikia baridi kama aliyeshuka kwenye gari moshi jana.

"Wewe ndiye msomi?" aliniuliza alipokwisha kumpa mtu bisibisi yake.

"Ndiyo, Mzee."

"Umesoma wapi?"

"Shule ya usiku, Mzee."

"Ahaa. Basi ndiyo maana mchana huoni. Njoo huku."

Akanikalisha stoo juu ya kreti, akaniambia nifumbe macho, akaanza kunitilia spana mkononi, moja baada ya nyingine. Nilitakiwa kuitaja kila moja kwa uzito na mdomo wake. Nikikosea alinirudishia ile ile bila kusema neno. Kazi hiyo iliendelea mpaka mikono yangu ikanuka grisi hata kanisani, na mke wangu akawa anapika akiwa amenigeuzia mgongo. Lakini mpaka leo, nikiwa nimefumba macho, naweza kukutajia spana yoyote, na pengine na jina la mwenyewe.

Desturi ya Mzee Shee, ambayo sijaiona katika duka jingine lolote, ilikuwa hii: hakumuuzia mtu sanduku kabla hajaviona vifaa vyake. Mteja aliambiwa arudi nyumbani, avitie vyote kwenye gunia, avilete. Tulitandika turubai sakafuni, mteja akamwaga, na Mzee Shee akavipanga: vizito kando, vyepesi kando, vyenye makali mbali na wenzao. Kazi hiyo aliiita kuvilaza.

"Haya, tumevilaza," alikuwa akisema, akijipangusa mikono. "Sasa tuvitafutie kitanda."

Watu walikasirika sana. Nakumbuka karani mmoja wa tai na viatu vya kung'aa, amenunua gari kabla hajapata leseni, nyumba yake Kilimani ina gereji ambayo, kwa maelezo yake, ingeweza kuingiza treni. Alitaka lile sanduku kubwa la ng'ambo, jekundu, lenye droo saba na vishikio vya kung'aa, ambalo sisi tuliliita Kanisa kwa sababu watu walipolifikia walivua kofia. Mzee Shee akamwagiza gunia. Alirudi na nyundo moja, kopo la misumari iliyopinda na kifungulia chupa.

"Bwana," Mzee Shee alimwambia kwa upole, "hivi vinalala mfukoni."

Yule bwana aliondoka amenuna. Alirudi baadaye, ana vifaa vya kweli, na akanunua sanduku la katikati. Hilo ndilo somo la kwanza, na ni la bure: sanduku hupimwa kwa vifaa, halipimwi kwa gereji wala kwa cheo cha mtu. Ukimuuzia mtu droo saba naye ana vifaa vya droo mbili, zile tano zitajaa vitu ambavyo hata mwenyewe hataweza kuvieleza.

Mengine niliyofundishwa ni haya. Droo ivute mpaka mwisho, kisha ikandamize kwa kiganja. Ikiinama mdomo, siku itakapojaa spana itakuangukia mguuni. Ubavu wa sanduku ubonyeze kwa dole gumba; ukilia kama debe, liache. Bawaba zitazame kabla ya rangi, maana nyuma ya rangi hufichwa mambo mengi. Magurudumu ni mazuri kwa mwenye sakafu iliyonyooka, na katika Nairobi nzima sijaiona sakafu hiyo. Na lolote utakalonunua, usiliweke juu ya saruji tupu. Saruji hutoa unyevu kutoka chini, hasa kule magharibi ya mji ambako Julai haina jua. Weka vipande vya mbao chini, na ndani tia chaki kidogo inyonye unyevu. Chaki nilikuwa nikiiokota shule ya usiku, kwa hiyo elimu yangu haikupotea.

Rahisi kuliko yote yalikuwa masanduku ya bati, yaliyotengenezwa na mafundi wa Shauri Moyo kwa mapipa yaliyokunjuliwa. Hayana droo. Yana kifuniko, trei moja ya mbao, na pete ya kufuli. Wenye tai hawakuyaangalia. Mimi pia niliyadharau, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuvaa tai.

Sasa mtaniuliza, mtu aliyesoma aliaminije habari ya kutu? Sikilizeni. Kwa sababu ya ile desturi ya kulaza, tuliona magunia mengi ya marehemu. Mjane analeta vifaa tumwambie kama vinafaa kuuzwa; kaka mtu anatafuta sanduku la kuhifadhia urithi. Nami kwa macho yangu niliona kwamba gunia la mtu aliye hai lilikuwa na kutu hapa na pale, lakini la marehemu lilikuwa na kutu tupu. Kila gunia. Nyinyi mngeamini nini? Nilimwuliza Mzee Shee siku moja, akaendelea kuhesabu skrubu.

"Mimi najua mafuta, Mutua," alisema. "Hayo mengine simo."

Nikachukulia kwamba anaona uchungu kulizungumzia.

Mama Njeri, mkewe Bwana Kariuki, alikuja mwezi wa Julai, katika ile miaka ya sabini ambayo petroli ilipanda na kila mtu akaamua kujitengenezea gari lake mwenyewe. Kulikuwa na manyunyu tangu alfajiri na mji mzima ulikuwa rangi ya zege. Aliingia akiwa na gunia mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, sweta limelowa mabega. Aliomba sanduku la bei rahisi. Kabla hatujamweleza desturi yetu alikuwa ameshalitua gunia.

"Nimesikia mnataka kuviona kwanza," alisema.

Tukatandika turubai. Akamwaga.

Ndugu zangu, sijawahi kuona kutu ya namna ile. Vilikuwa vifaa vya fundi wa kweli, seti nzima za spana, koleo, tupa, vyote vya aina ambayo mtu hukusanya maisha yake yote, na vyote vilikuwa vyekundu. Vumbi lake lilitia rangi turubai. Nikavua kofia, nikashika mikono mbele.

"Pole sana kwa msiba, mama."

Alinitazama. "Msiba gani?"

"Wa mzee."

"Mzee yupi? Baba Njeri yuko nyumbani. Nimemwacha anakunywa uji."

Nilitaka ile sakafu inimeze. Mzee Shee akajitia kukohoa. Mama Njeri alikaa kwenye kreti, akafungua kilemba chake akakikamua maji, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hata wewe," alisema. "Shemeji yangu ameniambia maneno hayo hayo."

Akatueleza. Mumewe, Bwana Kariuki, alikuwa fundi wa matrekta katika shamba la kahawa. Baadaye alijijengea gereji ya mbao kwenye kiwanja chao, chini kidogo ya Loresho, akawa anatengeneza magari ya watu wa zile nyumba kubwa. Kabla ya mvua za masika kifua kilimwangusha. Hospitali ilimlaza, ikamtibu, kisha ikamrudisha nyumbani na dawa, na waliomrudisha hawakumtazama machoni. Siku moja kaka yake, Ndung'u, alikuja kumwona. Aliingia gereji kwanza. Akatoka na spana mkononi, nyekundu, akaishika juu mbele ya watu akasema, "Vyuma vimeshajua."

"Tangu siku hiyo anakuja kila Jumapili," Mama Njeri alisema. "Anasalimia, anakunywa chai, akiondoka anaondoka na kitu. Alianza na jeki. Juzi amebeba vaisi, ile ya kubania vyuma mezani. Anasema anaviokoa kabla havijaoza."

"Na wewe humwambii kitu?" niliuliza.

"Nimwambie nini? Ni vya kaka yake. Ukoo umeshakubali, wanaongea kama tumeshazika." Akaokota spana, akaifuta kwa upindo wa leso, ikazidi kuwa nyekundu. "Kuna fundi amekubali kukodi gereji. Lakini anataka gereji na vifaa, hataki banda tupu. Vikiisha, tutakula nini? Na Baba Njeri anasikia kila kitu. Chumba anacholala kimepakana na gereji kwa ubao tu. Anavisikia vikitoka."

Mimi, ambaye huwa nasema maneno hata nikipiga chafya, niliinama nikaanza kuvipanga vile vyuma.

"Nataka sanduku la bei rahisi," alisema tena, "lakini lisibebeke."

Nikamvuta Mzee Shee nyuma ya lile sanduku la Kanisa. "Mzee," nikamnong'oneza, "huyu mume hafiki Jumapili. Umeiona hiyo kutu?"

"Nimeiona. Lete mafuta ya taa na karai."

Alichagua sanduku la bati la Shauri Moyo, lile nililolidharau. Akanionyesha sababu, na nyinyi ishikeni. Sanduku la ng'ambo, kwa uzuri wake wote, lina mgongo mwembamba. Ukilitoboa kulifunga ukutani linapasuka. Bati la pipa ni nene. Unalitoboa matundu mgongoni, unalisimamisha penye nguzo ya gereji, unapitisha boliti kutoka nje ya ukuta, vichwa vyake mviringo visivyoshikika, na nati unazikaza ukiwa umeinama ndani ya sanduku. Ukishalifunga kifuniko na kutia kufuli, atakayelitaka sanduku itabidi abebe na ukuta. Pete ya kufuli ya Shauri Moyo tuliing'oa tukaweka nene zaidi. Kufuli ndipo mahali pa kutumia pesa. Mengine yote yanaweza kuwa ya rahisi.

Kisha tukavisugua vile vifaa. Tulivilowesha kwenye mafuta ya taa, tukavipiga brashi ya waya, tukavipiga msasa, tukavikausha kwa vitambaa, tukavipaka oili. Tulifanya hivyo uani chini ya bati, mvua ikitudondokea shingoni. Na wakati nasugua, wazo likanijia, nikaliona kubwa kuliko yote niliyowahi kupata, shuleni na nje ya shule. Ikiwa chuma kinamjua mwenyewe, basi lazima kuna njia katikati yao. Na njia hupitika pande zote mbili. Nikikitoa chuma kutu, nani ajuaye kitakachotoka katika kifua cha Bwana Kariuki? Nilisugua kama daktari. Nilisugua mpaka Mzee Shee akaniambia niachie, nitakula chuma chenyewe.

Tulilipeleka sanduku Jumamosi kwa pikapu ya duka. Mzee Shee alikaa mbele na dereva, amejifunika shuka mbili. Mimi nyuma na sanduku. Tulipita Westlands tukashika barabara ya kwenda Naivasha, kisha tukakata juu. Kahawa pande zote, nyumba mpya za mawe zinachungulia katikati yake, ukungu umelala chini kama moshi uliokosa pa kwenda. Gereji ya Bwana Kariuki ilikuwa safi, imefagiwa, na karibu tupu. Ukutani palikuwa na misumari, na chini ya kila msumari umbo jeupe la kifaa ambacho hakikuwapo.

Mwenyewe alikuwa mlangoni kwenye kiti, amevaa koti kubwa la jeshi, amebaki mifupa na macho. Aliangalia tunavyolishusha sanduku.

"Nyinyi ndio mmeleta jeneza?"

"Baba Njeri!" mkewe alisema.

"Nauliza tu. Naona ni fupi."

"Ni la spana, ndugu yangu," Mzee Shee alimjibu. "Wewe hutoshi humu."

"Nimekonda, Mzee. Jaribuni."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilichukua muda mrefu. Tulisubiri. Alipotulia aliomba apewe spana moja. Nikamwekea kiganjani. Aliipokea kwa mikono miwili kwa sababu mmoja haukutosha, akafumba macho, akaitaja kipimo chake. Alikipata sawasawa. Nikampa nyingine, akaitaja. Tukaendelea hivyo, mimi nikimpa na yeye akitaja, mpaka Mzee Shee alipoita nije nishike boliti.

Tulikuwa tunakaza nati ya mwisho Ndung'u alipoingia. Nadhani alikuwa ameiona pikapu. Mtu mkubwa, kofia ya manyoya, mikono ya kushika vitu.

"Mnafunga nini hapa?" alisema. "Sanduku la kutilia takataka? Vyuma vyenyewe vimeshaoza. Nilimwambia Mama Njeri, si alinisikia?"

Mama Njeri alikuwa amesimama kati yake na kiti cha mumewe. Basi mimi nikainua kifuniko.

Vilikuwa vimelala kwenye trei kwa mpangilio wa Mzee Shee, vyote vinang'aa, oili juu yake kama umande. Ndung'u aliinama. Aligusa kimoja kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole.

"Bwana," nikamwambia, na sikuwa nikitania hata kidogo, "si wewe uliyesema vyuma hujua?"

"Nilisema."

"Basi visome sasa. Vinasema nini?"

Aliangalia vifaa. Akamwangalia kaka yake kwenye kiti, naye kaka yake akamwangalia, bila kupepesa, spana bado magotini. Ndung'u alitia mikono mfukoni. Alikunywa chai amesimama, akaaga, akaenda zake. Wiki iliyofuata, tuliambiwa, vaisi ilikutwa asubuhi mlangoni pa gereji, na jeki pembeni yake, na hakuna aliyebisha hodi.

Nilirudi mjini nimesimama nyuma ya pikapu kama bwana harusi.

Miezi iliyofuata nilikuwa mtu wa kuogopwa. Nilimwambia kila mteja kwamba nimegundua tiba. Mwenye pumu nilimshauri apake grisi majembe yake. Mwenye kuumwa mgongo nilimuuzia msasa. Yule fundi aliyekodi gereji alikuwa kazini, akija dukani kununua boliti, nami kila mara nilimuuliza hali ya vifaa kabla ya hali ya mgonjwa. Mama Njeri mwenyewe alipita siku moja kununua oili.

"Mzee anaendeleaje?"

"Yupo," alisema.

"Na vyuma?"

"Vinang'aa."

"Basi ondoa shaka, mama. Huyo atapona."

Alinitazama, akanishukuru. Akatia kopo la oili kikapuni, akatoka.

Mwaka huo huo Mzee Shee aliacha kazi akarudi Lamu. Baridi ilikuwa imemshinda, alisema, baada ya kupigana nayo maisha yake yote. Nilimsindikiza stesheni. Hakuniachia maneno ya kukumbuka, ila alinikumbusha kwamba droo ya tatu ya Kanisa inahitaji mafuta. Nilirudi dukani nikaipaka. Kaunta ilikuwa ndefu siku hiyo, na hakuna aliyeniita msomi.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza yule fundi wa gereji aliponiambia kwamba Bwana Kariuki amefariki.

"Haiwezekani," nilisema. "Vifaa vimeshika kutu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya upepo. "Tunazika kesho," alisema.

Nilikwenda. Tulimzika nyuma ya gereji, kwenye udongo mwekundu uliolowa mpaka ukawa unashika viatu na kutaka kubaki navyo. Ndung'u ndiye aliyeshika sepetu muda mrefu kuliko wote, na hakumpa mtu. Watu walipokwenda kula, mimi sikwenda. Nilisimama mbele ya sanduku la bati. Boliti zilikuwa mahali pake. Kufuli lilikuwa mahali pake. Mama Njeri aliniona kutoka nyumbani, akaja na ufunguo aliokuwa ameufunga shingoni kwa uzi, akafungua bila kuniuliza ninataka nini.

Nilitazama. Vilikuwa vimelala kwenye trei, kila kimoja mahali pake, vinang'aa kuliko siku ile tulipovileta.

"Mama," nikasema, "hivi havijapata habari?"

"Habari gani?"

"Ya Bwana Kariuki."

Macho yake yalikuwa yamevimba, na sikuweza kujua kama anataka kulia tena au kucheka.

"Kumbe wewe uliamini kweli?" alisema. "Siku ile nilidhani unamtisha Ndung'u kwa ajili yangu. Na kule mjini nilidhani unanifariji tu."

Akachukua kitambaa kilichokuwa kando ya trei, kimelowa oili, akafuta spana ambayo haikuhitaji kufutwa.

"Chuma hakijui kitu, Bwana Mutua. Fundi akiugua hana nguvu ya kuvipaka mafuta, ndiyo vinashika kutu. Halafu anakufa. Hivi vinang'aa kwa sababu navipaka mimi."